Chuo Kikuu Kikija Mkoani, Kinakuja na Nini?

Siku hizi habari ya kampasi mpya haitangazwi kwanza na wizara. Hutangazwa na madalali wa viwanja. Tingatinga halijafika bado, lakini shamba la mihogo ambalo miaka yote halikuwa na mteja limeshakatwa vipande vya ishirini kwa ishirini, na kibao cha "viwanja vinauzwa, karibu na chuo" kimeshapigiliwa kwenye mwembe.

Kelele hizo zimeongezeka tangu mwaka 2021, ulipoanza mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa fedha za Benki ya Dunia kiasi cha dola milioni 425. Chini ya mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajitanua hadi Kagera na Lindi, Muhimbili inakwenda Kigoma, Mzumbe inakwenda Tanga, na Sokoine inajenga Katavi. Mikoa ambayo haikutajwa nayo inauliza kupitia wabunge wake: na sisi je?

Kijiweni, mjadala huishia kwenye kambi mbili. Wa kwanza wanasema neema imefika, mji utachangamka. Wa pili wanacheka: mashahada yamejaa mtaani, wahitimu wanaendesha bodaboda, chuo kingine cha nini? Ukisikiliza vizuri utagundua hawabishani juu ya kitu kimoja. Wa kwanza wanazungumzia fedha zitakazotumika mwaka huu. Wa pili wanazungumzia ajira za miaka kumi ijayo. Na kuna faida ya tatu ambayo kambi zote mbili huisahau, nayo ni ujuzi wa kutatua shida za pale pale mkoani. Tatizo ni kwamba zote tatu tunaziita "faida ya chuo". Ya kwanza huja yenyewe hata ukilala. Nyingine mbili haziji mpaka mtu azifuate.

Tuanze na majina

Chuo kikuu, kwa Tanzania, ni taasisi iliyosajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), inayotoa shahada, na ambayo kazi zake zinajulikana kuwa tatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuihudumia jamii. Vyuo vya kati na vya ufundi vina msimamizi mwingine, NACTVET. Watu huchanganya hivi viwili, kisha wanashangaa kwa nini chuo cha cheti mtaani kwao hakina maprofesa.

Chuo kikuu kishiriki kina uongozi wake na bajeti yake, ila shahada zake zinatolewa kwa jina la chuo mama. Mkwawa ya Iringa na DUCE ya Chang'ombe, zote za mwaka 2005, ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampasi ni kitu kingine. Kampasi ni mkono wa chuo mama uliofika mbali, na maamuzi makubwa ya kozi, ajira na ununuzi hubaki makao makuu. Fikiria duka la mtaani ambalo mwenyewe ndiye anayekaa kaunta, halafu fikiria tawi la duka kubwa ambalo meneja wake hawezi kukukopesha hata kiberiti mpaka apige simu Dar. Yote mawili yanauza sukari, lakini ukiwa na shida hayazungumziki kwa namna moja.

Kwa hiyo swali la kwanza mkoa ukiahidiwa "chuo kikuu" ni hili: ni chuo, ni chuo kishiriki, au ni kampasi? Wanasiasa hutumia neno moja kwa vyote vitatu, na huwezi kuwalaumu sana, maana "kampasi" haipigiwi makofi kama "chuo kikuu".

Na kabla mtu hajasema mkoa wao hauna chuo kikuu kabisa, akumbuke Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kina vituo mikoani. Mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi anayetaka shahada bila kuacha kazi amekuwa akisoma huko kwa miaka thelathini. Hakina geti kubwa wala hosteli, ndiyo maana hakionekani.

Gulio la miezi tisa

Faida ya kwanza ni rahisi kuielewa kwa sababu kila mtu amewahi kuona gulio. Jumatano kijiji kimelala, Alhamisi malori yameingia, nyama inachomwa, fundi baiskeli hana nafasi ya kukaa. Chuo ni gulio linalodumu miezi tisa.

Tufanye hesabu ya kubuni. Kampasi ina wanafunzi 4,000, na kila mmoja anatumia shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula, chumba, vocha na usafiri. Hiyo ni milioni 40 kwa siku, bilioni 1.2 kwa mwezi. Katika mji mdogo ambao kipato kikubwa kinatoka kwenye mavuno ya mara moja kwa mwaka, fedha inayoingia kila siku ni mvua ya aina nyingine. Haishangazi kwamba Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ni jina linalojulikana na vijana wa mikoa yote, wala kwamba Changanyikeni na Msewe zimejaa vyumba vya wanafunzi wa Mlimani.

Fedha hiyo haitumiki mara moja tu. Mwanafunzi anamlipa mama ntilie, mama ntilie anamlipa anayemletea mchicha, wa mchicha anapanda bodaboda, wa bodaboda anamlipa fundi wa pikipiki. Noti ile ile imefanya kazi nne kabla jua halijazama. Wachumi wana jina refu la jambo hili. Mtaani tunasema fedha inazunguka.

Lakini inazunguka wapi? Hapa ndipo mahesabu ya majukwaani hudanganya. Sabuni na biskuti za dukani zimetoka kiwandani Dar es Salaam. Bando la intaneti linalipwa kampuni yenye makao makuu mjini. Mwenye hosteli ya ghorofa tatu huenda anaishi Mbezi na anapokea kodi kwa simu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi ni mkoa, ila haupati nafuu, maana kila kinachovuja hakirudi. Kinachobaki ni jasho la mama ntilie, kodi ya mwenye nyumba anayeishi pale, mboga, maziwa, mayai, kuku, mkaa, na ufundi. Ndiyo kusema mkoa unaolima na kufuga utabaki na sehemu kubwa zaidi kuliko mkoa unaoagiza hata nyanya.

Gulio hili lina tabia zake. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku na nywele mpya. Kuelekea mwisho wa muhula ni wali maharage, tena kwa daftari la madeni. Wanaofanya biashara karibu na vyuo wanajua kalenda ya Bodi ya Mikopo kuliko wanafunzi wenyewe. Likizo ndefu ikifika, mtaa unakuwa mweupe.

Tuliona ukomo wake mwaka 2020. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya corona na vikafunguliwa Juni mosi. Kwa miezi miwili na nusu, steshenari zilikaa na rimu za karatasi, na wenye nyumba waligundua kwamba vyumba kumi visivyo na mpangaji ni deni la benki lenye mlango. Wale waliokuwa na wateja wengine mjini walihimili. Waliokuwa na geti la chuo peke yake waliumia.

Kenya ina somo kali zaidi. Karibu mwaka 2013 vyuo vikuu vishiriki vingi vilipandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu kamili, na kampasi zikafunguliwa hadi kwenye ghorofa za kupanga katikati ya miji, zikitegemea wanafunzi wa kujilipia. Kisha ukaja msako wa wizi wa mitihani. Mwaka 2015 waliopata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo tiketi ya chuo kikuu, walikuwa karibu 170,000. Mwaka 2016 walishuka chini ya 90,000. Serikali nayo ikaanza kuwapeleka wanafunzi inaowadhamini hadi vyuo binafsi. Wanafunzi wa kujilipia wakapungua vibaya, na kampasi nyingi za mijini zikafungwa. Wenye majengo wakabaki na vyumba vya mihadhara ambavyo huwezi kuvigeuza kuwa baa bila kubomoa ukuta.

Kuna na upande ambao hausemwi kabisa kwenye sherehe za kuweka jiwe la msingi. Kodi ikipanda kwa sababu ya wanafunzi, haipandi kwa wanafunzi tu. Muuguzi wa zahanati, fundi cherehani na konstebo wa polisi waliokuwa wamepanga pale nao wanaambiwa bei mpya. Mwenye nyumba amefaidika, mpangaji wa zamani amehamia nje ya mji. Wote wawili ni wananchi wa mkoa ule ule, ila kwenye hotuba anahesabiwa mmoja.

Je, ajira za chuo chenyewe? Zipo, lakini tuseme ukweli kuhusu zipi. Wahadhiri hutangaziwa kazi nchi nzima, na wanafunzi huomba kutoka nchi nzima. Kuzaliwa Katavi hakukupi nafasi ya upendeleo kwenye kampasi ya Katavi. Kazi ambazo wenyeji huzipata haraka ni za ujenzi, ulinzi, usafi, upishi na udereva. Si kazi za kudharau. Lakini anayeahidi kwamba "vijana wetu wataajiriwa chuoni" angeeleza pia kwamba ujenzi ukiisha, wengi wao watarudi nyumbani.

Kitalu hakivuni

Sasa tuingie kwenye hoja ya wale wanaocheka. Ni kweli kwamba kuna wahitimu wengi wasio na kazi. Lakini hitimisho lao, kwamba basi chuo hakina faida, linachanganya leseni na gari. Leseni ya udereva haikupi gari. Ukiwa na leseni na hakuna mwenye gari, utakaa kijiweni. Lakini siku basi likija mjini na hakuna hata mmoja mwenye leseni, mwenye basi atakuja na dereva wake kutoka mkoa mwingine. Vyuo vinatoa leseni. Magari yanaletwa na viwanda, mashamba, hospitali, barabara, umeme, na sera za serikali. Kumlaumu mkufunzi wa udereva kwa uhaba wa magari ni kumkosea, japokuwa ni halali kumuuliza kwa nini bado anafundishia lori ambalo lilishaacha kutengenezwa.

Wakati gesi ya Mtwara ilipokuwa habari kubwa mwaka 2013, moja ya madai yaliyosikika ni ajira kwa wenyeji. Dai lilikuwa la haki, ila mhandisi wa mitambo hatengenezwi kwa miezi sita. Ujuzi unaotakiwa leo ulipaswa kupandwa miaka minane iliyopita, kuanzia kwenye maabara ya fizikia ya kidato cha pili. Mikoa hufikiria ujuzi pale mwekezaji anaposhuka kwenye ndege, na kwa mkoa huo ameshachelewa, au tuseme mkoa ndio umechelewa.

Kwa hiyo kwenye suala la ujuzi, chuo ni kitalu. Na kitalu, kama mkulima yeyote wa miti anavyojua, hakivuni chochote. Kinaotesha miche, kisha miche inang'olewa na kupelekwa kupandwa kwingine. Mkoa kuwa na kitalu hakumaanishi una msitu. Mwanafunzi kutoka Arusha anayesoma Iringa akimaliza anaweza asirudi Iringa hata kwa matembezi.

Kuna jambo moja ambalo limefanyiwa kazi kwa muda mrefu katika fani ya afya, na linatusaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, lilizishauri nchi zinazokosa madaktari vijijini zichukue wanafunzi waliokulia vijijini, ziweke vyuo vya afya nje ya miji mikuu, na ziwapeleke wanafunzi kufanya mazoezi huko huko wakiwa bado masomoni. Aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali kufanya kazi kijijini. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kupeleka mafunzo ya Muhimbili Kigoma. Majengo peke yake hayatoshi. Kama darasa zima limetoka Dar es Salaam na linahesabu siku za kurudi Dar es Salaam, Kigoma itakuwa imekodisha kitalu tu.

Hospitali za kufundishia ni mfano wa kitalu ambacho huacha matunda njiani. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zinatibu Kanda nzima, na sehemu ya uwezo huo inatokana na kwamba zinafundisha madaktari. Daktari bingwa anayefundisha asubuhi ndiye anayepasua mchana. Mgonjwa wa Rombo hahitaji kujua lolote kuhusu mitaala, anajua tu kwamba hakulazimika kwenda Muhimbili.

Na ile methali mpya ya mtandaoni kwamba VETA ni bora kuliko chuo kikuu? Ni sawa na kuuliza kati ya injinia na fundi welda nani ajenge daraja. Mkoa wenye mainjinia watano na bila mafundi hautajenga kitu, na wenye mafundi mia bila anayepiga hesabu za uzito utajenga daraja moja, litakaloanguka. Tuendelee.

Ngazi ya nani?

Kuna faida ambayo haimhusu mkoa moja kwa moja bali familia. Wataalamu huiita uhamaji wa kijamii; sisi tunasema mtoto wa mkulima kawa daktari. Kizazi cha kwanza cha wasomi wa nchi hii kilipanda ngazi hiyo bila kulipa. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano, kilikuwa na watu wachache kiasi kwamba taifa liliweza kuwabeba wote mgongoni.

Wengi walipoongezeka, mgongo ukachoka. Ukaja uchangiaji wa gharama, kisha sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005. Mkopo unarudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni liwe kama kisima: unachota, linajaa tena. Hapa watu wengi wanakosea jambo moja. Mkopo wa Bodi si msaada, na pia si mkopo wa benki. Benki inataka dhamana kabla. Bodi inatazama uhitaji wako, kisha inasubiri upate kipato. Mtoto asiye na dhamana yoyote isipokuwa cheti chake cha kidato cha sita anaweza kuupata.

Ila tusizidishe sifa za ngazi. Vijana wa umri wa chuo kikuu wanaofika chuo kikuu hapa kwetu hawafiki mmoja kati ya kumi. Wengi waliobaki hawakuangushwa na ada ya chuo. Waliangukia kidato cha pili, au cha nne, au kwenye shule isiyo na mwalimu wa hesabu, au kwenye ndoa ya mapema. Ngazi ikianzia ghorofa ya tatu, aliye chini haisogelei hata ukiipaka rangi. Ndiyo maana kampasi inayotoa walimu wazuri wa sekondari, kama ilivyo kazi kubwa ya Mkwawa, inaweza kuwainua watoto wengi zaidi kuliko kampasi yenye kozi za majina ya kuvutia. Kazi hiyo haina mvuto wa kisiasa, na mimi naiona ndiyo ya maana kuliko karibu zote.

Bwana shamba wa miaka kumi na tano

Imebaki ile faida inayosahauliwa, utafiti. Neno hili limechoka. Mtu akisikia "utafiti" anaona kijana na dodoso akimuuliza ana kuku wangapi, kisha anaondoka na harudi tena. Malalamiko hayo ni ya kweli mno vijijini. Lakini hebu tusafiri hadi pwani ya mashariki ya Unguja.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Keto Mshigeni, alikuwa akichunguza mwani wa fukwe zetu. Wakati ule mwani ulikuwa takataka za baharini kwa watu wengi. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kati ya mchunguzi wa kwanza na kamba ya kwanza ya mkulima ilipita miaka kama kumi na tano. Waliolichukua zao hilo walikuwa zaidi wanawake, maana mwani hulimwa maji yakitoka, kwenye kina cha magotini, bila kuhitaji chombo. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha ambayo hawakuiomba kwa mtu.

Kisha bahari ikabadilika. Aina mbili ndizo zinazolimwa, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa maji ya ufukweni yakipata joto. Hapo ndipo Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iko mjini Zanzibar, ilipoonyesha maana ya chuo kuwa jirani. Mtafiti wake Flower Msuya alitumia miaka mingi na wakulima wenyewe, akisaidia kuanzisha mwaka 2006 klasta ya mwani inayowakutanisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara. Wakajaribu kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu za mirija, ambako joto ni dogo. Wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Sabuni ya Kidoti ikapata jina.

Hapa chuo kilifanya kazi ya bwana shamba: kinakuja, kinaona ugonjwa, kinaondoka kwenda kufikiri, na kinarudi. Neno zito hapo ni kinarudi. Lakini mwani pia unatuonyesha mahali ambapo chuo hakiwezi kitu. Kulima kina kirefu kunataka boti, na kunataka kujua kuogelea, jambo ambalo akina mama wengi wa pwani hawakufundishwa. Na mwani mwingi bado unasafirishwa mkavu, ukachakatwe ng'ambo. Bei inapangwa na mnunuzi. Mtafiti anaweza kukupa mbegu inayovumilia joto. Hawezi kukupa bei.

Morogoro nako kuna hadithi kama hizo. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo cha stashahada, kikawa kitivo cha Dar es Salaam, kisha mwaka 1984 kikasimama chenyewe, kwa jina la waziri mkuu aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humo humo. Maharage ya Rojo, Mshindi, Pesa na SUA 90 yametoka kwa watafiti wake. Mkulima anayepanda Mshindi pengine hajawahi kufika geti la chuo, na hana haja.

Na kuna panya. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, linawafundisha panya buku hapo Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, kifua kikuu. Panya Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alikwenda Kambodia, akafichua mabomu mengi na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Wenzake waliobaki nyumbani hunusa makohozi kutoka zahanati na kuwabaini wagonjwa ambao darubini iliwapitia. Kwa nini jambo hili lilitokea Morogoro na si Brussels? Kwa sababu chuo cha kilimo kilikuwa kimeshatafiti panya waharibifu wa mazao kwa miaka mingi. Walianza na kero ya mkulima wa mahindi.

Kabla kibao cha viwanja hakijachakaa

Basi mkoa ulioahidiwa kampasi ufanye nini wakati huu ambapo kuta zinapanda? Uulize kozi za kwanza zitakuwa zipi na nani alizichagua. Kagera, kwa mfano, tangu katikati ya miaka ya 2000 imepambana na mnyauko wa migomba katika nchi ambayo ndizi ndiyo chakula na ndiyo heshima. Si jeuri mtu wa Kagera kuuliza kampasi itasema nini kuhusu mgomba. Uulize wanafunzi watafanyia mafunzo kwa vitendo wapi: kwenye halmashauri na vituo vya afya vya hapo, au watapanda basi siku ya kwanza ya likizo? Uulize matokeo ya tafiti yatarudishwa kwa nani, na kwa lugha gani. Ripoti ya kurasa mia mbili kwa Kiingereza haijarudi, imepita tu.

Na kuhusu gulio, kuna jambo dogo la makaratasi ambalo lina fedha ndani yake. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Chuo cha umma kinanunua chakula, usafi, samani, sare na uchapishaji. Lakini tenda hizo zinapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na kikundi ambacho hakijasajiliwa humo hakionekani, hata kama kinapika wali mita hamsini kutoka getini. Ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye wa kumuona kwa usajili wa kikundi, na hiyo ni kazi ya kufanya sasa, wakati mafundi wanapiga lipu, maana tenda ya kwanza ya jiko itatangazwa kabla mwanafunzi wa kwanza hajashusha godoro lake.